Daktari David Bruce, mbung'o na neno la Kiyunani liitwalo soma

Mwanafunzi wa sekondari mjini Busia, awe wa upande wa Kenya au wa upande wa Uganda, hukutana na maneno haya katika somo la bayolojia: tripanosoma, shistosoma, kromosomu, ribosomu, lisosomu. Huyakariri kama akaririvyo majina ya mito ya nchi asizozijua, huyaandika katika karatasi ya mtihani, na mtihani ukiisha huyasahau. Si ajabu. Maneno ni ya kigeni, na mara nyingi hapatokei mtu wa kumwambia kwamba yote hayo ni ndugu wa ukoo mmoja. Katika makala haya tumeazimia kuueleza ukoo huo, na njia tuliyoichagua ni kuyasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake limefungamana na mmoja wa ndugu hao. Naye ni Sir David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliyefariki mwaka 1931.

Mzizi wa maneno hayo ni soma. Kwa Kiyunani, yaani lugha ya Wagiriki wa kale, maana yake ni mwili. Hapa yafaa tujihadhari, kwani sisi wenye Kiswahili tunalo soma letu, na jirani zetu Waganda wanalo okusoma lao, na yote mawili ni ya kitabu na barua. Neno la Wagiriki limefanana na haya kwa sauti tu, wala hapana udugu kati yao. Wajuzi wa zamani waliozichunguza tenzi za Homer waliona kwamba humo soma ni mwili wa maiti, si wa aliye hai. Baadaye ndipo neno hilo lilipopanuka likawa mwili wowote ule.

Bruce alizaliwa tarehe 29 Mei 1855 mjini Melbourne, Australia. Wazazi wake walikuwa Waskochi. Baba yake alikuwa mhandisi aliyekwenda huko zama za kukimbilia dhahabu. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitano familia ilirudi Uskochi, ikakaa Stirling. Hakuwa mwanachuoni tangu utoto. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akafanya kazi katika ghala moja mjini Manchester, na fikira zake zote zilikuwa katika michezo, hasa ndondi. Pengine angeishia huko lau homa ya mapafu isingemwangusha alipokuwa na miaka 17. Alipopona, nguvu za uwanjani hazikuwapo tena. Akageukia elimu ya ndege na wanyama, na kutoka hapo akaingia udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu mwaka 1881.

Mwaka 1883 yalitukia mambo mawili yaliyoamua maisha yake: alimwoa Mary Elizabeth Steele, binti wa daktari, na akaingia idara ya tiba ya jeshi. Msomaji asilipite haraka jina la Bibi Mary. Kila tutakapomtaja Bruce akiwa mbele ya hadubini, bibi huyu naye alikuwapo, akipaka damu juu ya vioo, akitia rangi, akichora kile alichokiona. Michoro mingi ya vimelea iliyotokea pamoja na taarifa za mumewe ni kazi ya mikono yake.

Kituo chao cha kwanza kilikuwa kisiwa cha Malta, walikofika mwaka 1884. Askari wa huko walikuwa wakipatwa na homa isiyokwisha, inayopanda na kushuka kwa wiki nyingi. Kufikia mwaka 1887 Bruce alikuwa amekwisha kukitenga katika wengu za waliokufa kijidudu kidogo sana, na ndicho baadaye, mwaka 1920, kilichopewa jina la Brucella kwa heshima yake. Homa hiyo ipo pia kwetu, kwa wanywao maziwa mabichi. Lakini swali la jinsi inavyomfikia mwanadamu lilikaa miaka mingi bila jibu. Tutalirudia.

Mwaka 1894 gavana wa Natal na Zululand alimwita kwenda kuchunguza maradhi ya ng'ombe ambayo Wazulu waliyaita nagana. Bruce na mkewe walifika Ubombo, juu ya kilima, wakakaa katika kibanda cha miti na udongo. Chini yao palikuwa na nchi ya mbung'o. Walipeleka huko mbwa, farasi na ng'ombe wazima, wakawarudisha kilimani na kuwatazama wakidhoofika. Katika damu yao Bruce aliona kijidudu chembamba kikipinduka na kujinyonganyonga baina ya chembe nyekundu, kikizitikisa. Aliwaonyesha wenzake kwamba mbung'o ndiye akibebaye, na kwamba wanyama wa porini huishi nacho katika damu bila kuugua.

Kijidudu cha namna hiyo kilikuwa na jina tayari. Mwaka 1843 daktari mmoja wa Paris, David Gruby, mzaliwa wa Hungaria, alikiona cha jamii hiyo katika damu ya chura. Kilimkumbusha chombo cha kutobolea mbao, ambacho kwa Kiyunani huitwa trypanon. Fundi seremala yeyote wa sokoni Tororo anacho chombo hicho, naye hukiita keekee. Basi tripanosoma ni mwili wa umbo la keekee. Jina zima li wazi namna hiyo, na mwenye kulijua hahitaji kulikariri: akitazama katika hadubini na kukiona kinavyojipindua, ataelewa Gruby alikusudia nini. Kile cha Ubombo kiliitwa Trypanosoma brucei mwaka 1899, yaani mwili-keekee wa Bruce.

Mwaka huohuo vita vya Waingereza na Makaburu vilianza, na Bruce na mkewe wakazingirwa Ladysmith kwa siku 118. Yeye alisimamia hospitali na kupasua. Bibi alimsaidia kama muuguzi, na baadaye alipewa nishani kwa kazi hiyo.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1901 madaktari wa misheni ya Mengo, Albert Cook na nduguye Jack, waliwapokea wagonjwa waliosinzia mchana, waliokonda, waliokufa kwa usingizi. Waganda waliyaita maradhi hayo mongota. Reli kutoka Mombasa iliufikia ukingo wa ziwa mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Nayo mipaka ilikuwa ikihamishwa: tarehe 1 Aprili 1902 jimbo la mashariki la Uganda, lililokuwa likienea hadi Naivasha, lilitiwa katika himaya ya Afrika Mashariki iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia wakajikuta ndugu wako huku na ndugu wako kule. Mbung'o wa ukingoni mwa ziwa hakupata habari ya mpaka huo, na malale yaliwaua watu wa pande zote mbili. Waandishi wa historia hukadiria kwamba waliokufa kandokando ya ziwa katika miaka ile walizidi 200,000.

Tume ya kwanza ya Jumuiya ya Kifalme ya Wanasayansi ya London ilifika mwaka 1902. Walikuwamo George Low, Cuthbert Christy na Mwitaliano kijana, Aldo Castellani. Christy alitembea akiandika ugonjwa ulipofika. Castellani alibaki Entebbe na hadubini yake, akaamini kwamba chanzo cha malale ni bakteria fulani aliyemwona katika maiti. Hata hivyo, mwezi wa Novemba alikiona pia, katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa, kijidudu kinachojinyonganyonga. Hakukipa uzito mkubwa. Bruce alipowasili Entebbe mwezi wa Machi 1903, Castellani alimweleza habari hiyo, na Bruce, ambaye alikuwa ameishi na kijidudu cha namna hiyo miaka kadhaa Zululand, alitambua mara moja uzito wake. Wakatazama maji ya wagonjwa wengi, wakakikuta tena na tena.

Nani basi aliyegundua? Wawili hao na wafuasi wao waligombana juu ya jambo hilo kwa miaka mingi, hata katika magazeti ya London. Kwa maoni yetu Castellani aliona asichokijua, na Bruce alijua alichoonyeshwa, na pasipo mmoja wao kazi ingechelewa. Lakini ni kweli pia kwamba Bruce hakuwa mwepesi wa kugawana sifa. Waliofanya kazi naye walimjua kuwa mkali, mwenye maneno makavu.

Lililotupendeza zaidi katika kazi ya mwaka 1903 ni ramani. Bruce alidhani kwamba kama mbung'o ndiye mchukuzi, basi mahali penye malale hapana budi pawe na mbung'o. Kwa msaada wa Katikiro Apolo Kagwa, machifu wa Buganda, pamoja na wamisheni na maofisa wa sehemu nyingine, waliombwa wakamate inzi na kuwapeleka Entebbe, na pamoja nao habari za wagonjwa wa mahali hapo. Waganda walikuwa wakimjua mdudu huyo, wakimwita kivu. Bahasha zikamiminika. Kila mahali pakatiwa alama katika ramani mbili, moja ya inzi, moja ya maradhi. Ramani zikalingana: ukanda mwembamba kandokando ya ziwa na visiwa vyake. Nao nyani waliotafunwa na mbung'o waliokwisha kunyonya damu ya wagonjwa waliambukizwa. Watoto na wavuvi waliowakamata inzi wale hakuna kitabu kilichoandika majina yao.

Bruce aliondoka mwezi wa Agosti. Miaka michache baadaye Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka ukingoni mwa ziwa na visiwani. Amri hiyo iliokoa maisha, lakini iliwaondoa watu katika mashamba, makaburi na maji ya uvuvi ya babu zao, na vichaka vikaota walipokuwa wakiishi.

Hapa ndipo lile swali la Malta linaporudi. Mwaka 1905 tume iliyosimamiwa na Bruce ilikuwa ikiichunguza tena homa ya huko, na aliyepata jibu alikuwa daktari Mmalta, Themistocles Zammit: mbuzi wazima, wenye afya machoni, hubeba kijidudu na kukitoa katika maziwa. Askari walipokatazwa maziwa hayo, homa ilipungua upesi. Lakini mdudu haitwi Zammit, huitwa Brucella.

Jibu la Malta, kwamba mnyama mzima aweza kuwa ghala la maradhi ya mtu, lilimfuata Bruce hata Uganda. Alirudi mwaka 1908, mwaka aliofanywa kuwa Sir, akakaa Mpumu, si mbali na ziwa, hadi mwaka 1910. Watu walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na ilitazamiwa kwamba mbung'o, wakikosa wagonjwa wa kuwanyonya, wangetakasika. Haikuwa hivyo. Inzi waliokamatwa katika fukwe tupu walikuwa bado na uwezo wa kuambukiza. Bruce na wenzake walifanya majaribio kwa paa na kwa ng'ombe, wakaona kwamba miili yao yaweza kuhifadhi kimelea.

Tumwache Bruce kidogo, kwa maana habari hii ilimalizikia katika nchi yetu ya mpakani, baada ya kufa kwake. Karibu na mji wa Tororo, penye vilima vya Sukulu, palikuwa na maabara za shirika la Afrika Mashariki la kuchunguza tripanosoma, lililojulikana kwa herufi EATRO. Hata leo, katika maabara za Ulaya na Marekani, vimelea vingi vinavyofugwa kwa uchunguzi huitwa EATRO na nambari, ijapokuwa si kila anayevitumia ajuaye kwamba herufi hizo zinatoka Tororo. Mwaka 1964 malale yalizuka Alego, katika Nyanza ya Kati. Yalikuwa malale ya aina kali, yaletwayo na kimelea kilichoelezwa mara ya kwanza mwaka 1910, nacho kinaitwa rhodesiense kwa jina la nchi ambayo leo ni Zambia na Zimbabwe. Watafiti Onyango, van Hoeve na de Raadt walichukua damu ya ng'ombe wa Alego, na katika taarifa yao ya mwaka 1966 walionyesha kwamba vimelea vya ng'ombe wale vyaweza kumwambukiza mwanadamu. Basi ghala halikuwa porini peke yake. Lilikuwa limefungwa kamba nyuma ya nyumba.

Mwenye ng'ombe wa Samia au wa Budama anaweza kuuliza kwa haki: mbona basi ng'ombe wengi wana nagana, na watu hawaugui? Jibu lake linapitia kwa ndugu mwingine wa ukoo wetu. Mwaka 1955 Mbelgiji Christian de Duve alikipa jina kifuko kidogo kilichomo ndani ya seli, kinachoyeyusha chakula na takataka. Alikiita lisosomu, kutokana na lusis, yaani kuyeyusha au kufumua: mwili unaoyeyusha. Tripanosoma naye anacho kifuko hicho. Katika damu ya binadamu mna protini ambayo kimelea huimeza. Ikifika katika lisosomu yake hutoboa kuta, lisosomu hufura, na kimelea hufa. Hayo ya kutoboa lisosomu yalielezwa na watafiti wa Brussels mwaka 2003. Kimelea cha kawaida cha Bruce, kiingiapo katika damu yetu, huuawa hivyo. Lakini rhodesiense anayo protini yake inayoishika ile yetu na kuizuia, naye husalimika. Kwa macho, hata kwa hadubini, wawili hao hawatofautiki. Tofauti imo katika kipande kidogo cha urithi.

Urithi huo umo katika kromosomu, neno la mwaka 1888 la Mjerumani Waldeyer. Chroma ni rangi, kwa hiyo kromosomu ni mwili unaoshika rangi, kwa sababu wapimaji walipotia rangi katika seli ndivyo vijiti hivyo vilivyoonekana vizuri. Jina halituambii kazi yake. Kazi ilikuwa haijajulikana. Tripanosoma wa Bruce ana kromosomu kubwa jozi 11, na vijikromosomu vidogo kama mia hivi, vinavyomsaidia kubadili vazi la nje kila mara kinga ya mwili inapomtambua. Ribosomu, jina la mwaka 1958, ni kiwanda cha protini. Na mwaka 1977 watafiti wa Amsterdam, Opperdoes na Borst, walikuta ndani ya tripanosoma vifuko vya kuvunjia sukari ambavyo sisi hatuna, wakaviita glaikosomu, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya utamu. Hivyo mwili-keekee una mwili wa sukari, mwili wa rangi na mwili wa kuyeyusha, wote ndani yake.

Shistosoma, mdudu wa kichocho, ni wa tawi jingine. Mjerumani Bilharz alimwona Kairo mwaka 1851, na mwaka 1858 Weinland akamwita mwili uliopasuka, kwa kuwa dume ana mfereji kama ufa, ambamo jike hukaa maisha yake. Wakazi wa Budalangi na Port Victoria wanamjua kwa madhara yake. Mwaka 1998 mradi wa kuwapa dawa za minyoo wanafunzi wa shule 75 ulianza wilayani Busia, Kenya, na pale kichocho kilipozidi walipewa dawa yake pia. Uchunguzi wa mradi huo ulisomwa ulimwenguni kote.

Na malale? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Kenya ikaanzisha taasisi yake Muguga, huku Tororo ikabaki mikononi mwa Uganda. Katika miaka ya 1980 ugonjwa ulitoka Busoga ukaenea wilaya ya Tororo, ambayo wakati huo ilikuwa na Busia ya Uganda ndani yake. Vichaka vya lantana karibu na nyumba vilikuwa kivuli kizuri cha mbung'o. Hospitali ya Alupe, upande wa Kenya, ilipokea wagonjwa wa nchi zote mbili. Dawa ya waliokwisha kupatwa ubongoni ilikuwa na zarniki, yaani sumu ile ya kuulia panya. Iliponya wengi na kuwaua baadhi. Ni katika miaka ya 2020 tu ndipo dawa ya vidonge ilipokubaliwa kwa rhodesiense. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyaondoa malale yasiwe tena janga la umma. Ng'ombe na mbung'o wangalipo.

Turudi kwa Bruce. Kuanzia mwaka 1911 hadi 1914 alikuwa Nyasaland, ambayo ni Malawi ya leo, akichunguza rhodesiense. Alitoka huko akishikilia kwamba wanyama wa porini wa sehemu zenye mbung'o wauawe. Walio wengi leo hawangemfuata, ijapokuwa katika nchi kadhaa za Afrika wanyama waliuawa kwa maelfu kwa fikira hiyo. Vita Vikuu vilipoanza alisimamia chuo cha tiba cha jeshi mjini London, akashughulikia pepopunda na homa ya mahandaki. Alistaafu mwaka 1919. Mwaka 1924 alikuwa rais wa Jumuiya ya Uingereza ya Kuendeleza Sayansi ilipokutana Toronto.

Mapafu yalimsumbua katika uzee, kama yalivyomsumbua katika ujana. Aliagiza kwamba yeyote atakayeandika habari za maisha yake aitaje pia sehemu ya mkewe. Bibi Mary alifariki tarehe 23 Novemba 1931. Tarehe 27, saa za mazishi yake, Bruce naye akakata roho.